Kabla ya kulipa diposti, uliza: moto ukiwaka nitatokea wapi?

Wewe unayetafuta keja karibu na chuo, nakujua. Ukifika kwenye ploti, maswali yako ni yale yale. Maji huja siku ngapi kwa wiki? Waifai iko? Kila mtu ana mita yake ya tokeni ama mnagawana? Keateka ni msumbufu? Kutoka hapa hadi geti la chuo ni dakika ngapi kwa miguu? Ukiridhika unatuma pesa kwa M-Pesa, unabeba godoro, maisha yanaanza.

Kuna swali moja huulizi, na sikulaumu kwa sababu hakuna aliyetufunza kuliuliza. Ni saa nane usiku, moshi umejaa kwenye ngazi, stima imepotea na geti limefungwa kwa kufuli. Utatokea wapi?

Sikuandikii haya kukutisha. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo iliponishinda, lakini sikuhama mtaa. Bado naishi katikati ya makomredi, na kwa miaka hii nimekaa katika ploti nne za wanafunzi kando ya Barabara ya Thika. Kati ya hizo nne, moja tu ilikuwa na mtungi wa kuzima moto. Na huo mtungi ulifungiwa chumbani kwa keateka, eti usiibwe.

Tunakumbuka shule, tunasahau ploti

Kenya ina historia chungu ya moto mahali wanafunzi wanapolala. Machi 1998, wasichana 26 walifariki katika shule ya Bombolulu, Kwale. Machi 2001, wavulana 67 walifariki katika bweni la Kyanguli, Machakos. Septemba 2017, wasichana 10 walifariki Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024, watoto 21 walifariki katika shule ya msingi ya Hillside Endarasha Academy, Nyeri.

Kila kisa kilikuwa na chanzo chake. Lakini ukisoma habari za Bombolulu na Kyanguli unakutana na vitu viwili vinavyojirudia: mlango uliofungwa na dirisha lenye vyuma. Watoto waliamka, wakakimbia, wakafika mahali pa kutokea, na pakawa hapatoki.

Mwaka wa 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni. Unasema mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5 na ufunguke kuelekea nje. Bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi ya mita 1.2. Kama shule yako ya upili ilifuata hayo au haikufuata, unajua mwenyewe. Angalau yameandikwa mahali.

Mfanyakazi wa kiwandani naye ana karatasi yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza kufunga mlango kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua upesi. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huo huo zinataka mazoezi ya dharura yafanywe angalau mara moja kwa mwaka.

Sasa njoo kwako. Umemaliza kidato cha nne, una miaka 19, umekosa nafasi katika hosteli za chuo kwa sababu vitanda ni vichache na wanafunzi ni wengi. Unapanga bedsita. Mwongozo wa 2008 uliandikiwa shule. Kanuni za 2007 ziliandikiwa mahali pa kazi. Ghorofa yenu ya vyumba 40 ni nyumba ya kukodisha tu, hata kama kila anayelala ndani ni mwanafunzi. Ni kweli kuna kanuni mpya za kitaifa za ujenzi za 2024, zilizochukua mahali pa zile za 1968. Lakini ghorofa nyingi tunazoishi zilishasimama kabla ya hapo, na wewe huwezi kungoja zibomolewe ndipo ulale salama.

Kwa hivyo sehemu kubwa ya ulinzi wako iko kwa macho yako na mdomo wako. Tuanze na geti.

Kufuli la saa tano usiku

Katika ploti niliyokaa kwa muda mrefu zaidi, geti la chini lilifungwa saa tano usiku kwa kufuli kubwa, na ufunguo ulikuwa mmoja. Ulikaa mfukoni mwa keateka. Kulipokuwa na mechi ya usiku, keateka alifunga, akaenda kutazama mpira mtaa wa pili, akarudi saa saba. Ndani tulikuwa watu zaidi ya 60. Ngazi ilikuwa moja, na chini yake ndipo pikipiki mbili za wapangaji zililala, tangi zikiwa na petroli.

Tulipomuuliza mwenye nyumba, alitujibu kwa swali: "Mnataka laptopu zenu ziibwe?" Na ana hoja, tusimdharau. Wezi wapo. Mwanafunzi akiibiwa wiki ya mitihani, kelele zake zinafika kwa landilodi kabla hazijafika polisi. Ndiyo maana madirisha ya ghorofa ya kwanza yana vyuma na geti lina kufuli.

Lakini si lazima uchague kati ya mwizi na moto. Geti linaweza kuwa na kitasa kinachofunguka kwa mkono kutoka ndani bila ufunguo, na kutoka nje kisifunguke. Kama ni lazima kuwe na kufuli, ufunguo wa pili unawekwa kwenye kisanduku cha kioo karibu na geti, kila mtu akiuona. Akiuchukua wa mchezo, kioo kilichovunjika kitasema. Na vyuma vya dirisha, fundi wa kuchomelea mtaani anaweza kukata sehemu moja na kuitia bawaba iwe kama kidirisha kidogo, kifunguke kwa ndani. Ni kazi ya siku moja.

Ukienda kuangalia chumba, tembea njia yote kutoka mlangoni hadi barabarani. Kama unaruka baiskeli, mitungi ya gesi na kabati bovu mchana ukiona vizuri, usiku ndani ya moshi hutapita.

Hesabu ya ekstensheni

Hapa tunahitaji hesabu kidogo, na si ngumu. Stima yetu ni volti 240. Plagi ya miguu mitatu tunayotumia imetengenezwa kubeba ampea 13. Zidisha: 240 mara 13 ni wati 3,120. Hicho ndicho kiwango cha juu cha soketi moja ya ukutani, hata ukichomekea ekstensheni ya mashimo sita.

Sasa angalia chini ya vyombo vyako; wati zimeandikwa. Birika la umeme mara nyingi ni wati 2,000. Pasi ni 1,000 na zaidi. Hotpleti ya kichwa kimoja inaweza kuwa 1,000 au 1,500. Chaja ya simu ni wati chache tu, hiyo haina shida. Ukichemsha maji ya chai kwa birika huku mwenzako anapika ugali kwa hotpleti kwenye ekstensheni hiyo hiyo, tayari mmefika au mmepita. Ekstensheni nzuri itakata fyuzi. Ile ya bei ya kutupa, yenye waya mwembamba kama uzi, haikati kitu. Inapata moto polepole, na kama umeipitisha chini ya zulia au godoro, hutaona hadi harufu ije.

Dalili zipo kabla ya balaa. Plagi ikiwa moto unapoishika, soketi ikibadilika rangi kuwa kahawia, taa ikififia kila unapowasha birika, au ukinusa plastiki inayoungua, zima na uitishe fundi. Fyuzi ikikatika usiifunge kwa karatasi ya sigara. Imekatika kwa sababu imefanya kazi yake.

Halafu kuna hili la kwetu kabisa. Unapiga pasi asubuhi, stima inapotea au tokeni zinaisha. Unavaa shati lenye mikunjo, unakimbia klasi. Pasi umeiacha imelala kwenye blanketi, plagi bado kwa soketi. Saa nne stima inarudi, na chumbani hakuna mtu. Koili ya kuchemshia maji ni vivyo hivyo: maji yakiisha kwenye ndoo ya plastiki, kinachofuata kuungua ni ndoo. Stima ikipotea, jambo la kwanza ni kuchomoa, ndipo utafute tochi ya simu.

Meko chini ya kitanda

Bedsita ni jiko, sebule na chumba cha kulala kwa pamoja, kwa hivyo wengi tunapika kwa meko ya kilo 6 hatua mbili kutoka kwa godoro. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, inashuka na kutulia sakafuni, chini ya kitanda, nyuma ya kabati. Ile harufu kali imetiwa makusudi kiwandani kwa sababu gesi yenyewe hainuki.

Weka mtungi wima, karibu na dirisha au mlango, mbali na pazia. Funga valvu kila ukimaliza kupika, usitegemee kifundo cha meko peke yake. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likifura, panavuja. Usipime kwa kiberiti, hata kama jirani anakuambia yeye hufanya hivyo kila mwezi.

Ukiingia ukanuse gesi, usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima. Cheche ndogo ya swichi inatosha. Funga valvu, fungua dirisha na mlango, toka nje, amsha majirani kwa mdomo, na simu upige ukiwa nje.

Na uliza gesi yako inajazwa wapi. Februari 2024, mtaa wa Mradi kule Embakasi uliwaka usiku baada ya mlipuko katika kituo cha gesi kilichokuwa kikiendeshwa bila leseni, watu wakiwa wamelala. Mtungi wa bei rahisi sana uliojazwa uani mwa mtu una gharama nyingine ambayo huioni kwenye risiti. Nunua kwa muuzaji aliye na leseni ya EPRA.

Kuhusu jiko la makaa: Juni na Julai Juja na Kahawa kuna baridi ya kukata, najua. Lakini jiko ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Unahisi kichwa kizito, unalala, na huamki. Vaa soksi mbili.

Moto umewaka. Sasa?

Kwanza, mafuta. Unakaanga chipsi, mafuta yanashika moto. Mkono wako utakimbilia maji, uzuie. Maji yakigusa mafuta hayo yanageuka mvuke papo hapo na kujitanua takriban mara 1,700, yakirusha mafuta yanayowaka usoni mwako na kwenye pazia. Zima gesi, telezesha kifuniko juu ya sufuria kutoka upande wako, na usikifunue hadi ipoe. Usiibebe kukimbia nayo nje.

Pili, stima. Kama kinachowaka ni chombo cha umeme, zima swichi kuu ukiweza kuifikia. Usimwage maji.

Tatu, jua wakati wa kukata tamaa. Moto ukishafika kwenye dari au kimo chako, hiyo si kazi yako tena. Toka, na ufunge mlango nyuma yako bila kuufunga kwa ufunguo. Mlango uliofungwa unazuia moshi kwa dakika ambazo jirani wa juu anazihitaji. Laptopu iache. Hata ile yenye prijekti ya mwaka wa nne, iache.

Moshi huua wengi kuliko miali. Hewa nzuri iko chini, kwa hivyo tambaa. Kabla ya kufungua mlango wowote, uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa moto, usiufungue. Rudi, ziba upenyo wa chini kwa taulo lililoloweshwa, nenda dirishani, piga kelele na umulike tochi ya simu. Nguo zikishika moto, usikimbie: simama, lala chini, jiviringishe.

Piga 999 au 112. Zimamoto ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hivyo tafuta namba ya kaunti yako leo na uihifadhi. Na ujue jinsi ya kueleza ulipo. Mitaa yetu mingi haina majina ya barabara. "Ploti ya bluu nyuma ya kinyozi" haisaidii dereva wa lori la zimamoto anayetoka mjini. Sema steji, shule au kanisa linalojulikana, na umtume mtu akasimame barabarani kuwaelekeza.

Kama kuna mtungi wa kuzima moto, kazi yake ni hatua nne: vuta pini, elekeza mdomo chini kwenye shina la moto wala si kwenye miali, bana mkono wa mtungi, kisha peleka kushoto na kulia. Mtungi wa poda wa kilo 6 unaisha chini ya nusu dakika, kwa hivyo simama ukiwa na mlango mgongoni. Kila mwezi tazama sindano ya kipimo. Ikiwa nje ya rangi ya kijani, huo ni pambo la ukuta.

Kengele iliyodharauliwa

Usifikiri hili ni tatizo la mitaa yetu pekee. Januari 19, 2000, hosteli ya Chuo Kikuu cha Seton Hall, jimbo la New Jersey, Marekani, iliungua usiku. Kengele za moto zilikuwepo na zililia. Lakini kabla ya usiku huo zilikuwa zimelia bure mara nyingi, kwa mzaha wa wanafunzi, hivi kwamba baadhi walijifunika blanketi wakaendelea kulala. Wanafunzi watatu wa mwaka wa kwanza walifariki na wengine kadhaa wakajeruhiwa. Mwaka huo huo New Jersey ilitunga sheria ya kulazimisha mabomba ya kunyunyiza maji yawekwe katika mabweni yote ya vyuo.

Angalia vitu viwili hapo. Chombo bila nidhamu ya watu hakitoshi. Na sheria ilipatikana upesi kwa sababu wazazi na wanafunzi hawakunyamaza.

Maswali ya kumuuliza landilodi

Nakili haya, uende nayo:

1. Geti likifungwa usiku, nani mwingine ana ufunguo?
2. Kuna ngazi ya pili au njia nyingine ya kutokea?
3. Mtungi wa kuzima moto uko ghorofa gani, na ulikaguliwa lini?
4. Swichi kuu ya chumba changu iko wapi, na naweza kuifikia?
5. Dirisha langu linafunguka kiasi cha mtu kupita?

Akikasirika, umepata jibu. Akisema "hiyo tutaangalia", mwambie aandike kwenye mkataba. Na kama mahali panaendeshwa kama hosteli ya biashara, uliza cheti cha ukaguzi wa moto. Kaunti kama Nairobi hutoa cheti hicho.

Kama tayari umehamia, usiende kwa landilodi peke yako. Msee mmoja akilalamika anaambiwa ahame. Wapangaji 30 wakituma ujumbe mmoja, uliosainiwa, wiki moja kabla ya tarehe ya kodi, unasomwa. Pale kwetu ndivyo ufunguo wa pili ulivyopatikana, baada ya barua mbili na mwezi mzima wa kuzungushwa. Mtungi wa kuzima moto tulichangishana wenyewe. Ukigawa bei kwa watu wa ghorofa moja, kila mmoja anatoa pesa ya chipsi na soda. Viongozi wenu wa wanafunzi nao, wanaokuja kuomba kura wakiwa na spika na fulana, waulizeni wana mpango gani kwa komredi anayelala nje ya chuo.

Usiku wa leo fanya jambo dogo. Toka mlangoni kwako, zima tochi, na utembee hadi getini ukishika ukuta. Hesabu milango unayopita na ngazi unazoshuka. Ukifika getini, jaribu kulifungua. Likikataa, piga picha ya hilo kufuli na uitume kwenye grupu la WhatsApp la ploti kabla hujalala.